Ukitaka kuielewa jenetiki, anza na singa za mkonge

Kila mwaka, kidato cha tano kikishaanza, barazani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, huanza kujaa vijana wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) wenye madaftari mapya. Mchana nipo maabara, jioni nafundisha tuisheni ya baiolojia. Kazi hizo mbili kwa pamoja zimenipa msimamo ambao baadhi ya walimu wenzangu hawaupendi: usimfundishe mtu jenetiki, yaani elimu ya urithi, kwa kuanza na Mendel.

Najua vitabu karibu vyote vinaanza naye. Mtawa wa Brno, njegere ndefu na fupi, sifa 7, makala ya mwaka 1866, uwiano wa 3 kwa 1. Ni kisa kizuri, sina ugomvi nacho. Lakini tazama kinachompata mwanafunzi. Anajifunza kuchora lile sanduku la Punnett lenye vyumba vinne, anaandika herufi juu na pembeni, anajaza, anapata jibu, anawekewa vema. Sasa muulize: hizi herufi zimetoka wapi? Kwa nini mzazi mwenye herufi mbili anatoa moja tu, asitoe zote? Hapo anakutazama tu. Amejua kujaza sanduku, basi. Mtihani ukigeuza swali kidogo, amekwama.

Mendel mwenyewe hakuwa na njia nyingine. Alipokuwa anahesabu njegere zake, hakuna aliyejua kromosomu, zile nyuzi za DNA ndani ya seli, zina kazi gani. Ilipofika 1902 na 1903 ndipo Walter Sutton, kijana wa Kimarekani aliyekuwa akichunguza seli za panzi, akaeleza kwamba jinsi kromosomu zinavyoachana wakati wa kutengeneza mbegu za uzazi inalingana na jinsi zile sifa za Mendel zinavyorithiwa. Theodor Boveri wa Ujerumani naye alikuwa amefikia karibu na hapo. Yaani dunia ilikaa miaka zaidi ya 35 na hesabu sahihi bila kujua inatokana na nini. Wewe unayesoma leo huna sababu ya kuipitia miaka hiyo yote.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: seli kwanza, kugawanyika kwa seli pili, herufi na masanduku mwisho. Na ile sehemu ya pili ndiyo ya kutumia muda mrefu kuliko zote.

Seli yenyewe usiikalie sana mwanzoni. Wengi wanamaliza wiki nzima wakikariri orodha ya vilivyomo ndani yake, na ule mfano wa kiwanda, kwamba kiini ni meneja na mitokondria ni jenereta, mimi nimeuacha kabisa, maana mwanafunzi anaukumbuka meneja na kusahau kiini. Shika vitu vichache kwa kuanzia. Utando wa seli unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke. Kiini, ambamo DNA, yaani maagizo ya urithi, imehifadhiwa. Ribosomu, ambako protini inaundwa. Mitokondria, ambako sehemu kubwa ya nishati ya chakula inageuzwa kuwa ATP ambayo seli inaitumia. Vingine utaviongeza vikihitajika, navyo vitakaa kichwani kwa sababu vitakuwa na pa kushikia.

Kama shuleni kwenu kuna hadubini, iombe. Bandua ule utando mwembamba wa ndani ya gamba la kitunguu maji, uweke juu ya kioo, dondosha tone la iodini, funika. Utaona kuta za seli zimepangana vizuri na viini vimeshika rangi. Halafu, tafadhali, chora unachokiona. Nimeshapokea michoro ya kitunguu yenye mitokondria na kloroplasti za kijani zimejaa tele. Mitokondria huwezi kuiona vizuri kwa hadubini ya shule na tone la iodini. Kloroplasti ndiyo kabisa: kitunguu kinakaa chini ya udongo, hakina kazi ya mwanga, na seli zake za gamba la ndani hazina kloroplasti ingawa ni seli za mmea. Mwalimu anayesahihisha praktiko akiona kijani pale anajua mara moja kwamba umechora kitabu.

Sasa tuje kwenye kugawanyika, na hapa nakuomba uache kusoma ukatafute singa.

Sisi watu wa Tanga hatuna shida ya singa za mkonge. Chukua kishungi kidogo. Nusu ichovye kwenye rangi, ile ile wanayochovyea ukili wa mikeka, nyekundu inapendeza. Nusu iache na weupe wake. Ikikauka, kata vipande vya urefu wa aina mbili, virefu na vifupi. Vyekundu vimetoka kwa mama, vyeupe kwa baba. Weka sinia mkekani, hiyo ndiyo seli yako. Ndani yake tia singa nne: ndefu nyekundu, ndefu nyeupe, fupi nyekundu, fupi nyeupe. Una seli yenye kromosomu 4, yaani jozi 2. Ya kwako wewe ina 46, jozi 23, lakini kanuni haibadiliki.

Kabla seli haijagawanyika, DNA yote inanakiliwa. Kwa hiyo kila singa iongezee pacha wake wa rangi ile ile na urefu ule ule, halafu zifunge pamoja kwa uzi wa kushonea. Kifundo hicho ni sentromia, na kila singa moja katika pacha ni kromatidi. Hapa ndipo wanafunzi wanapopotea. Sinia sasa ina singa nane, na ukiuliza kromosomu ni ngapi wanajibu nane. Hapana, bado ni nne. Hesabu vifundo, usihesabu singa. Kijana akishaishika hiyo, nusu ya maswali ya kuhesabu kromosomu hayamsumbui tena.

Mitosisi: panga vile vifundo vinne katikati ya sinia, mstari mmoja, kila kimoja kivyake. Fungua uzi, vuta pacha mmoja huku na mwenziwe kule. Umepata seli mbili, na ukizikagua kila moja ina ndefu nyekundu, ndefu nyeupe, fupi nyekundu, fupi nyeupe. Sawasawa na ulivyoanza. Ndivyo ngozi yako inavyojifanya upya na kidonda kinavyofunga.

Meiosisi: rudisha vifundo vinne. Safari hii usizipange moja moja. Ndefu nyekundu ikae ubavuni mwa ndefu nyeupe, fupi nyekundu na fupi nyeupe. Kwanza tenganisha jozi, bila kufungua vifundo: nyekundu upande huu, nyeupe upande ule. Au ndefu nyekundu pamoja na fupi nyeupe. Hakuna anayezipangia, kila jozi inaelekea kokote. Kisha, katika kila upande, sasa fungua vifundo utenganishe pacha. Umeishia na seli nne, kila moja ina singa mbili tu, ndefu moja na fupi moja. Hizo ndizo gameti, iwe mbegu ya kiume au yai. (Kwa mwanamke, katika hizo nne moja tu ndiyo hukua kuwa yai, nyingine zinabaki vipande vidogo vinavyokufa. Nakutajia mapema kwa sababu mtihani unalipenda swali hili.)

Fanya hivyo mara kadhaa, siku tofauti, hadi mikono ijue yenyewe. Jozi 2 zinaweza kutoa michanganyiko 4. Jozi 23 zinatoa 2 kwa kipeo cha 23, yaani 8,388,608, na hapo bado hujakata ncha ya singa nyekundu ukaiunga kwenye nyeupe na ya nyeupe kwenye nyekundu, jambo ambalo kromosomu zinalifanya kweli zikiwa ubavu kwa ubavu. Ndiyo maana watoto wa tumbo moja hawafanani, ukiacha pacha waliotokana na yai moja.

Tena jaribu kuharibu kwa makusudi. Acha jozi moja iende yote upande mmoja. Utaona mwenyewe gameti mbili zina ziada na mbili zimepungukiwa. Ikitokea kwa kromosomu namba 21 na gameti yenye ziada ikarutubishwa, mtoto anazaliwa na kromosomu 47, na hali hiyo ndiyo inayoitwa Down. Hakuna haja ya kukariri jina refu la tukio hilo kabla hujaliona kwenye sinia.

Baada ya hapo ndipo unabandika herufi. Kipande kidogo cha plasta juu ya ndefu nyekundu, andika A; juu ya ndefu nyeupe, andika S. Pacha wa kila singa naye abandikwe herufi hiyo hiyo, maana ni nakala. Endesha meiosisi tena. Mwisho kuna gameti mbili zenye A na mbili zenye S. Hiyo A na S ndizo zinazokaa juu ya sanduku la Punnett! Sanduku halina uchawi, linasema tu gameti za baba zinaweza kukutana na gameti za mama kwa njia zipi. Wanafunzi wangu wengi wakifika hapa huwa wanacheka, na mimi huwa najua kazi imekwisha.

Kuna siku kijana mmoja, kwao ni njia ya Muheza, baba yake kibarua wa shamba la mkonge, aliniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Mwalimu, mkonge wenyewe nao una jozi?" Nikamwambia mwanangu, umegusa penyewe. Mkonge huu wa kawaida, Agave sisalana, hauna jozi kama sisi. Seti moja ya kromosomu za jamii hii ni 30, na mkonge unazo seti 5, jumla 150. Nikampa singa ndefu tano nikamwambia zipange kwa jozi. Akapanga mbili, mbili, ikabaki moja imeshikwa mkononi haina mwenza. Ndivyo inavyokuwa ndani ya ua la mkonge. Meiosisi inavurugika, gameti zinatoka na idadi zisizo sawa, mbegu nzima inayoota ni nadra sana. Mkulima hapandi mbegu za mkonge. Anapanda ile miche midogo inayochipua juu ya mlingoti, lile shina refu la maua, baada ya maua kudondoka, au machipukizi yanayotoka chini pembeni ya mama. Yote hayo ni mitosisi tupu, kwa hiyo mche ni nakala ya mama yake.

Richard Hindorf alipouleta mkonge mwaka 1893, miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, na kilimo cha pwani hii kilianzia hapo. Fikiria maana yake: shamba zima la mimea inayofanana kijenetiki. Uzuri ni kwamba singa zinatoka za aina moja. Ubaya ni kwamba ugonjwa unaouweza mmea mmoja unaiweza yote. Watafiti wa Mlingano, kituo cha mkonge kilichopo Muheza, walitaka aina nyingine, wakaenda kwa jamaa wa mkonge wanaoweza kuzaa kwa mbegu. Walichavusha Agave amaniensis, iliyopewa jina la Amani huko Usambara, kwa Agave angustifolia, kisha mtoto wao wakamrudisha kwa amaniensis. Katika wajukuu hao wakachagua mmoja, namba 11648, wenye majani mengi zaidi kabla ya kutoa mlingoti. Walipompata wakarudi kwenye mitosisi: ukizaa kwa mbegu unachanganya upya na mzuri wako unapotea, ukipanda machipukizi unabaki naye. Hapo una meiosisi ya kutafuta na mitosisi ya kutunza, katika shamba moja.

Mimea ya kwetu ni ya bure na hakuna mwalimu wa Ulaya anayeweza kukupa mfano bora. Lile ua la zambarau la Usambara ambalo baron Walter von Saint Paul aliliokota mwaka 1892 na sasa liko madirishani dunia nzima, unaliotesha kwa jani moja tu lililochomekwa kwenye udongo mbichi. Seli za jani zina DNA yote ya kutengeneza mmea mzima. Ukilipata, jaribu.

Nije kwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, maana hapo ndipo kazi yangu ya mchana na ya jioni zinapokutana.

DNA ni maagizo ya kupanga asidi amino ziwe protini. Inasomwa herufi tatu tatu. Kwenye kromosomu namba 11 kuna jeni (kipande cha DNA chenye maagizo ya protini) ya beta-globini, sehemu ya himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni katika chembe nyekundu. Mahali pa asidi amino ya 6, maagizo ya kawaida, ile A yetu, ni GAG. Kwa mwenye aleli ya S, yaani toleo jingine la jeni hiyo hiyo, yamekuwa GTG. Herufi moja, basi. Glutamiki inatoka, valini inaingia. Himoglobini hiyo ikiachia oksijeni inashikamana kuwa nyuzi ngumu, chembe inajikunja umbo la mundu, inakwama kwenye mishipa midogo. Chembe nyekundu ya kawaida inaishi siku kama 120, yenye mundu siku 10 hadi 20, ndiyo maana damu haitoshi.

Swali la mtego: chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini, sasa jeni hiyo imefanya kazi wapi? Katika uboho wa mfupa, kabla chembe haijakitoa kiini chake nje. Na tukitaka DNA kutoka kwenye damu ya mtu tunaitoa kwenye chembe nyeupe.

Kwa nini aleli yenye madhara hivyo haikupotea? Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti wake wa Afrika Mashariki akionyesha kwamba mwenye A moja na S moja ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Pwani yetu hii, pamoja na mbu wake, ilikuwa inawabakisha hai wenye AS. Kinga, lakini: haimaanishi hawaugui malaria, wala hawana ruhusa ya kulala bila chandarua.

Jirani yangu mmoja, mtoto wake wa kwanza ana selimundu, alikuja siku moja ana ujauzito wa pili. "Dada," akaniambia, "kliniki waliniambia ni mmoja kwa wanne. Huyu wangu ndiyo keshakuwa huyo mmoja. Si hawa watatu wanaofuata watakuwa salama?" Nikachukua vikapu viwili vidogo. Kimoja cha kwake, kimoja cha mumewe, kila kimoja nikatia singa mbili, moja ina A nyingine ina S. Nikamwambia afumbe macho atoe moja huku na moja kule. Akatoa. Tukaandika. "Haya, zirudishe." Akatoa tena. "Zirudishe." Mara ya tatu kabla sijasema kitu akanishika mkono: "Kumbe kila mimba zinarudi zote."

Ndiyo hivyo. Kila ujauzito ni robo SS, nusu AS, robo AA, na mtoto aliyetangulia hapunguzi wala haongezi kitu kwa anayefuata. Kuna familia zenye watoto wanne wazima na nyingine wanne wote wagonjwa, na kromosomu hazijavunja kanuni. Niseme na jingine ambalo linaniudhi: wakwe kumsema mwanamke kwamba ndiye aliyeleta ugonjwa kwenye ukoo. Mtoto wa SS amepokea S moja kwa mama na moja kwa baba. Mwenye AS kwa kawaida haumwi, ndiyo maana watu wanaapa kwamba kwao haupo.

Kama unafikiria kuoa au kuolewa na unataka kujua, uliza unapimwa kwa kipimo gani. Kile cha haraka cha kutazama kama chembe zinajikunja kinasema tu S ipo. Hakikuambii kwa uhakika wewe ni AS au SS. Cha kuomba ni cha kutenganisha aina za himoglobini, elektroforesisi au kingine cha namna hiyo, na majibu yake yaandikwe kwenye karatasi uondoke nayo. Kwa mtoto mchanga, asikudanganye mtu kwamba kwa kuwa hajaumwa miezi mitatu basi hana. Bado ana himoglobini ya tumboni, na jeni yake ni nyingine. Dalili huanza kujitokeza hiyo ikipungua, mara nyingi kuanzia karibu na miezi sita. Mpime mapema, dawa ya kumkinga na maambukizi haingoji dalili.

Na wewe wa kidato cha tano uliyesoma mpaka hapa, singa zako zihifadhi kwenye bahasha. Ukifika kwenye jeni zinazokaa kwenye kromosomu moja utabandika plasta mbili juu ya singa ile ile, na utaona kwa nini hapo uwiano wa 9:3:3:1, ule wa sifa mbili zinazorithiwa kila moja kivyake, haupatikani.